Panya Wawili na Ufagio: Somo la Kulipa Tulichokiharibu





Katika somo lililopita tulifundisha juu ya amri ya saba, inayotukataza kuiba na kuharibu mali ya mwenzetu. Tulisema kwamba mtu aliyeiba hatoshi kusema "Sitaiba tena." Yampasa pia kurudisha alichokitwaa na kulipa alichokiharibu. Basi kila mara tukifundisha hivyo, swali moja hutufuata nyuma. Mtu husubiri wenzake waondoke, kisha huuliza kwa sauti ndogo: "Na yule asiye na kitu cha kulipa, afanye nini?"

Swali hilo si dogo. Wako watu wengi waliokata njia ya kwenda kwa jirani kwa sababu ya deni la namna hiyo. Wengine hata kanisani hawaonekani tena, maana hukaa nyuma ya nyumba zao wakisema moyoni: "Nitatubuje, nami sina hata franka moja?" Leo tutawajibu hao. Nasi tutajibu kwa hadithi ya watoto.

Msituchekee. Sisi sote tulilelewa kwa hadithi za sungura na fisi kando ya moto, na twajua kwamba mnyama akisema katika hadithi, mtu ndiye anayetajwa. Wazungu nao wana hadithi zao za namna hiyo. Sikilizeni basi moja.

1. ALIYETUNGA HADITHI

Hadithi hii yatoka Uingereza. Aliyeitunga na kuichorea picha ni Bibi Beatrix Potter, aliyezaliwa London mwaka 1866 akafariki mwaka 1943. Tangu utoto wake alipenda kuwatazama wanyama wadogo na kuwachora. Mwaka 1902 matbaa ya Frederick Warne ya London ilitoa kitabu chake cha sungura mtundu aitwaye Peter, nacho kikapendwa mno. Miaka miwili baadaye, mwaka 1904, kikatokea kitabu tunachokisema leo. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema: Hadithi ya Panya Wawili Wabaya.

Panya hao walikuwapo kweli. Walinaswa katika mtego nyumbani kwa jamaa zake Bibi Potter, katika jimbo la Gloucestershire. Walikuwa karibu kuuawa, naye akawaponya, akawachukua awafuge. Mume akamwita Tom Thumb, na mke akamwita Hunca Munca.

Nyumba ya hadithi nayo ilikuwapo kweli. Bwana Norman Warne, mmoja wa wenye matbaa ile, alikuwa hodari wa kazi za mbao. Alimjengea mtoto wa ndugu yake nyumba ndogo ya wanasesere, yaani nyumba ya kuchezea, ambamo watoto huweka sanamu ndogo za watu kana kwamba ndizo zenye kukaa humo. Bibi Potter alitaka kwenda kuichora nyumba hiyo, lakini mama yake hakupenda aende, ijapokuwa yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 37. Basi Bwana Norman alimpelekea picha za nyumba zilizopigwa kwa kamera. Alimpelekea pia wanasesere wawili pamoja na vyakula vya kuchezea. Tena aliwatengenezea panya sanduku lenye kioo ubavuni, ili mchoraji awaone vema wakipanda na kushuka. Vyakula vile vya kuchezea vingali vikitunzwa mpaka leo katika nyumba yake Bibi Potter iitwayo Hill Top, katika kijiji cha Near Sawrey.

Twawaambia haya ili mjue kwamba kitabu hiki kidogo hakikuandikwa ovyo. Aliyekitunga aliangalia kwanza, kwa saburi nyingi, kisha akachora. Aliyeangalia panya kwa uangalifu namna hiyo ndiye aliyeweza kutuonyesha kwa panya mwenendo wa watu.

2. HADITHI YENYEWE

Palikuwa na nyumba ya wanasesere, nzuri sana, ya matofali mekundu, yenye madirisha meupe na mapazia, na mlango wa mbele, na dohani ya kutolea moshi. Wenyewe walikuwa wanasesere wawili, Lucinda na Jane. Jane alikuwa mpishi, lakini hakupika kamwe, maana chakula chao kilinunuliwa tayari, ndani ya sanduku. Palikuwa na paja la nguruwe, na samaki, na kamba wakubwa wa baharini wenye rangi nyekundu, na matunda. Vyote vilipendeza macho. Lakini havikutoka katika sahani zake, maana vilikuwa vimegandishwa.

Siku moja asubuhi Lucinda na Jane walitoka kutembezwa katika kigari chao. Chumba cha watoto kikawa kimya. Ndipo Tom Thumb alipotoa kichwa katika tundu lake karibu na meko, akatazama huku na huku, akarudi ndani. Kitambo kidogo akatokea Hunca Munca mkewe. Walipoona hakuna mtu, wakaenda mpaka mlango wa nyumba ile, wakaona haukufungwa. Wakaingia, wakapanda ngazi, wakachungulia chumba cha kulia. Tazama, meza imeandaliwa! Vijiko vipo, visu vipo, viti viwili vipo, na karamu iko tayari.

Tom Thumb akashika kisu, akaanza kulikata paja la nguruwe. Kisu kikapinda, kikamwumiza kidole. Akasema nyama haikuiva. Hunca Munca akajaribu naye, paja likang'oka katika sahani, likabingirika mpaka chini ya meza. Wakamgeukia samaki. Wakajaribu kijiko hiki na kijiko kile, samaki hakubanduka.

Hapo Tom Thumb akashikwa na hasira. Akaliweka paja katikati ya sakafu, akalipiga kwa koleo na beleshi la moto mpaka likavunjika vipande vipande. Kumbe ndani, chini ya rangi ile nzuri, hamkuwa na kitu ila plasta, yaani unga mweupe kama chokaa, ukikauka huwa mgumu. Wakaghadhibika zaidi. Wakavunja kamba, wakavunja matunda. Samaki wakamtia motoni jikoni. Lakini moto wenyewe ulikuwa karatasi nyekundu, hata samaki hakuungua. Tom Thumb akapanda ndani ya dohani, asione masizi. Hunca Munca akapata vikopo vyenye maandiko ya mchele na kahawa. Akavipindua, zikamwagika shanga nyekundu na buluu.

Basi wakaazimu kuharibu kila kitu. Tom Thumb akatoa nguo za Jane kabatini, akazitupa nje kwa dirisha la juu. Hunca Munca akaanza kutoa manyoya katika mto wa Lucinda. Lakini alipokwisha kutoa nusu akakumbuka ya kuwa yeye mwenyewe anahitaji kitanda cha manyoya. Basi wakauchukua ule mto, wakausukuma mpaka ukaingia tunduni mwao. Hunca Munca akarudi, akatwaa kiti, na kabati la vitabu, na kizimba cha ndege, lakini kabati na kizimba vikakataa kupita tunduni. Akarudi tena, akatwaa kitanda kidogo cha mtoto mchanga. Alipokuwa akichukua kiti kingine, ikasikika sauti ya watu mlangoni. Panya wakakimbia, na wanasesere wakarudishwa nyumbani kwao.

Lucinda aliketi juu ya jiko lililopinduliwa, akakodoa macho. Jane aliegemea kabati la vyombo, akatabasamu. Wala hawakusema neno.

Msichana mwenye nyumba ile akasema ataleta mwanasesere aliyevaa kama polisi. Yaya wake akasema atatega mtego wa panya.

Hadithi ingeweza kwisha hapo. Lakini mwandishi aongeza ya kuwa panya hao hawakuwa wabaya kabisa. Tom Thumb aliokota chini ya zulia sarafu ya fedha iliyopinda, ya peni sita, ndiyo nusu ya shilingi ya Kiingereza ya zamani. Katika mkesha wa Noeli, siku ambayo watoto wa Uingereza hutundika soksi zao ili watiliwe zawadi, Tom Thumb na mkewe waliitia sarafu hiyo katika soksi ya wanasesere. Naye Hunca Munca, kila siku alfajiri, kabla mtu yeyote hajaamka, huja na kizoleo cha taka na ufagio, akaifagia nyumba ile.

Hivi ndivyo inavyokwisha. Sasa tuitazame pamoja.

3. KUDANGANYIKA SI RUHUSA YA KUHARIBU

Kwanza tuulize: Kwa nini walikasirika? Walikasirika kwa kuwa chakula hakikuwa chakula. Mtu aweza kuwahurumia akisema: "Maskini, walidanganywa!" Lakini ni nani aliyewadanganya? Lucinda hakuwaita karamuni. Jane hakuwaambia, "Njoni mle." Waliingia wenyewe kwa mlango usiofungwa, mwenye nyumba akiwa hayupo, wakashika visu visivyo vyao. Kisha walipokosa walichokitamani, wakaona kama wameonewa!

Ndugu wapenzi, jambo hili laonekana sana kwa watu. Mara nyingi hasira yetu haitoki katika kuonewa, bali katika kukosa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa haki yetu. Kijana apita katika shamba la mwenzake, ang'oa muhogo kwa siri, akauonja, akauona mchungu. Mara akasirika, akafyeka mashina mengine kumi. Nani amemkosea? Muhogo ule haukupandwa kwa ajili yake. Wazee wamesema: Hasira hasara. Nayo hasara yenyewe humfikia kwanza yule asiye na kosa, aliyeamka asubuhi akaona shamba lake limelala chini.

Hata kama mtu amedanganywa kweli, tuseme amenunua mafuta sokoni akakuta yamechanganywa na maji, hasira yake yampa haki ya kudai fedha yake mbele ya wazee. Haimpi haki ya kuvunja vyungu vya mwenye kuuza.

4. MWENYE KUVUNJA NA MWENYE KUCHUKUA

Sasa tazameni tofauti kati ya mume na mke. Tom Thumb alivunja kwa hasira. Moyo wake uliwaka, mikono yake ikapiga, asifikiri. Hunca Munca alianza hivyohivyo, lakini katikati ya kuharibu akatulia, akapiga hesabu: "Mto huu wanifaa." Tangu dakika hiyo hakuwa tena mwenye hasira. Alikuwa mwizi mwenye akili timamu, akienda na kurudi, akipima kipi kitapita tunduni na kipi hakitapita.

Dhambi hukua namna hiyo. Huanza kwa moto, kisha hupoa ikawa kazi. Mtu aliyempiga ndugu yake katika ugomvi wa pombe aweza kulia kesho yake. Lakini yule aliyetumia kelele za ugomvi huo kuondoka na mbuzi wa watu, huyo halii, hutafuta kamba ya kumfungia.

Wote wawili wanadaiwa. Ila deni lao halifanani. Kitu kilichovunjika hakiwezi kurudi, basi hulipwa thamani yake. Kitu kilichochukuliwa, nacho kingali kizima mkononi mwa aliyekitwaa, yapasa kirudi chenyewe. Ukimvunjia jirani chungu, mpe chungu kingine au thamani ya chungu. Ukimchukulia jembe, nalo limo nyumbani mwako, usimpe senti ukabaki na jembe. Mrudishie jembe lake.

5. POLISI NA MTEGO

Makosa yalipogunduliwa, watu wawili walitoa mashauri mawili. Msichana alitaka polisi, yaya akataka mtego. Watu wengi hufanya hivyohivyo: wakiibiwa, wazo la kwanza ni askari au mtego.

Hatusemi ya kuwa askari hana kazi. Wenye kulinda amani ya nchi wana kazi yao, nayo ni ya haki. Lakini angalieni ndani ya hadithi. Yule polisi ni mwanasesere, hawezi kukimbia wala kushika. Nao mtego? Katika picha za kitabu panya wazazi wanaonekana wakiwaonya watoto wao habari za mtego. Nao watoto wamejifunza nini? Wamejifunza kuuogopa mtego tu, wala hawakujifunza kuheshimu mali ya watu.

Na tuseme Tom Thumb angenaswa, akafa. Je, paja la nguruwe lingejiunga tena? Je, nguo za Jane zingerudi kabatini zenyewe? La, hasha. Mwenye nyumba angekuwa na panya mfu na nyumba iliyoharibika. Adhabu yaweza kumzuia mkosaji, lakini haimrudishii aliyekosewa kitu chake. Kwa hiyo yule aliyefungwa miezi mitatu kwa kuiba baiskeli, akitoka gerezani asiseme, "Nimemaliza." Mwenye baiskeli angali akitembea kwa miguu.

6. SARAFU ILIYOPINDA

Twafika penye kiini. Tom Thumb alilipa. Mwandishi asema alilipa kila alichokivunja. Nasi twafurahi, lakini yatupasa kuuliza maswali mawili, kama mtu anayechunguza dhamiri yake.

Swali la kwanza: Sarafu ile ilikuwa ya nani? Aliiokota chini ya zulia, katika nyumba ya watu. Mtoto mwerevu atasema mara: "Ilikuwa ya mwenye nyumba!" Naye atasema kweli. Kitu kilichookotwa kina mwenyewe, nasi hatuwezi kumlipa mtu kwa fedha iliyoanguka kutoka mfukoni mwake. Panya hajui hayo, tumsamehe. Lakini mtu ajua. Kijana anayekopa kwa Petro ili amlipe Paulo, akikusudia kutomlipa Petro, hakulipa kitu. Amehamisha deni tu kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Swali la pili: Kitanda cha mtoto kiko wapi? Kabati la vitabu na kizimba cha ndege viliokolewa, kwa sababu havikupita tunduni. Lakini kitanda, na baadhi ya nguo za Lucinda, na vyombo vingine, vimebaki kwa Hunca Munca. Watoto wake wanalala ndani ya kitanda cha wizi! Hapo panya wetu hawakufika mwisho wa njia. Ni vigumu sana kurudisha kitu ambacho umekwisha kukizoea, ambacho watoto wako wamekwisha kukilalia. Ndugu, yawezekana miongoni mwetu pana kitanda cha namna hiyo: mpaka wa shamba uliosogezwa hatua kumi miaka mingi iliyopita, au wavu wa marehemu uliochukuliwa kabla wajane hawajamaliza kulia. Tumekizoea, hata twasema, "Ni changu." Dhamiri yajua ya nani.

Hata hivyo liko jambo jema katika sarafu ile. Waliitia kwa siri. Wengine hudhani kwamba kurudisha ni lazima kusimama mbele ya kijiji chote na kutangaza, "Mimi ndimi mwizi," nao kwa aibu huacha kurudisha. Sivyo. Kanisa halimlazimishi mtu kujifunua mbele ya watu kwa ajili ya kosa la siri. Aweza kurudisha usiku, aweza kumtuma mtu mwaminifu, aweza kuomba shauri la Padri katika kitubio, naye Padri hawezi kamwe kuitoa siri ya maungamo. Lililo la lazima ni kitu kimfikie mwenyewe. Na mwenyewe akiwa amekufa, kiwafikie warithi wake. Wasipopatikana warithi, kiwafikie maskini.

7. UFAGIO

Sasa twarudi kwa yule anayeuliza kwa sauti ndogo, "Na asiye na kitu?" Jibu lake ni ufagio.

Hunca Munca hakuokota sarafu. Alikuwa na mikono yake tu. Basi alileta mikono. Nyumba aliyoichafua, akaifagia. Hakufagia mahali pengine palipo rahisi. Alirudi palepale alipokosa, akapita mlango uleule aliouingia kwa wizi. Hilo lataka ushujaa, ndugu zangu. Wengi wetu tukimkosea jirani wa kulia, twaenda kumtendea mema jirani wa kushoto, ili moyo utulie bila kuonana na macho ya yule tuliyemkosea.

Tena alikuja kila siku. Sarafu ilitolewa mara moja, katika mkesha wa sikukuu, wakati ambapo kila mtu hutoa. Ufagio ni wa kila alfajiri, siku za sikukuu na siku za kazi. Kuvunja kulichukua asubuhi moja, na kutengeneza kwachukua asubuhi nyingi. Ndivyo ilivyo kwa watu. Imani ya jirani hubomoka kwa siku moja, nayo hujengwa tofali kwa tofali.

Tena alikuja kabla watu hawajaamka. Hakutaka kusifiwa. Hakusimama na ufagio wake sokoni apate kuonwa.

Basi wewe uliyepasua wavu wa mwenzako ukashindwa kununua nyuzi, nenda kaketi naye ufuoni, ukaushone pamoja naye. Wewe ambaye mbuzi zako zimekula mihogo ya mama mjane, nenda na jembe lako msimu wa mvua, ukamlimie kadiri ya shamba lililoliwa. Wewe uliyetumia fedha ya chama, waendee wenye fedha, uwaambie kweli, mpatane: kila juma kidogo, au kila mwezi kidogo, mpaka iishe. Dawa ya deni ni kulipa. Yeye asiyeweza kulipa leo, alipe kesho. Yeye asiyeweza kulipa yote, alipe sehemu. Yeye asiyeweza kulipa kwa mali, alipe kwa jasho. Na asiyeweza hata hilo kwa ugonjwa au uzee, aombe msamaha, na kusudi la kulipa likae moyoni mwake kweli, siyo midomoni tu. Mungu hamdai mtu asichoweza. Humdai asichotaka.

Na wewe uliyevunja jina la mtu kwa masingizio, nawe una nyumba ya kufagia. Jina likivunjwa halilipwi kwa kuku. Rudi kwa watu walewale uliowaambia uongo, useme, "Nilisema uongo." Hicho ndicho kizoleo chako.

Mnakumbuka Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Bwana wetu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakusema tu kwamba amehuzunika. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake ilishuka kutoka moyoni, ikafika mkononi.

8. NENO KWA WAZAZI

Ninyi akina baba na akina mama, hadithi hii twawaachia muwasimulie watoto. Mtoto akivunja mtungi wa jirani, msimpige tu mkadhani mmemlea. Mkishampiga, mtungi ungali umevunjika, naye amejifunza kuficha vigae. Mshikeni mkono, mwende naye kwa jirani, aseme mwenyewe, "Mama, nimeuvunja mtungi wako." Kisha amtekee maji siku kadhaa. Atatembea kwa aibu siku ya kwanza. Siku ya tatu atamsalimu yule mama kwa furaha, na yule mama atampa kiazi. Huyo amefundishwa kuliko aliyepigwa fimbo ishirini.

MAULIZO NA MAJIBU
(Katekista aulize, wote wajibu.)

Ulizo: Yatosha kujuta moyoni tukiwa tumeiba au tumeharibu mali ya mtu?
Jibu: Haitoshi. Yatupasa pia kurudisha tulichokitwaa na kulipa tulichokiharibu, kadiri tuwezavyo.

Ulizo: Kitu cha watu tulicho nacho kizima, tukifanyeje?
Jibu: Tukirudishe chenyewe kwa mwenyewe.

Ulizo: Ni lazima tujitangaze mbele ya watu wote?
Jibu: Kosa likiwa la siri si lazima. Twaweza kurudisha kwa siri, mradi kitu kimfikie mwenyewe.

Ulizo: Tukiokota kitu katika nyumba ya mtu, ni chetu?
Jibu: La. Kitu kilichookotwa kina mwenyewe.

Ulizo: Aliyepewa adhabu amekwisha kulipa?
Jibu: Bado, ikiwa aliyekosewa hajapata kitu chake.

Ulizo: Asiye na mali atalipa kwa nini?
Jibu: Kwa kazi ya mikono yake, kidogo kidogo, na kwa kusudi la kweli.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mmoja wetu, kabla ya kulala usiku huu, aitafute nyumba moja ambayo aliingia akaacha vipande sakafuni. Asitafute nyumba ya mwenzake, atafute ile aliyoivunja yeye. Kesho alfajiri aende na ufagio wake. Asingoje mpaka apate sarafu.

Twawaaga, ndugu wapenzi. Mungu awape usingizi mwema, na ujasiri wa kuamka mapema.